Kioo na Kabati la Kijani

Baba yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa tano wa fundi viatu na mshona magunia. Jina alilopewa halikudumu. Kazini, mtaani na hata nyumbani aliitwa Kioo, na mimi bintiye wa kwanza, ninayewasomea, nitamwita hivyo hivyo.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1962. Ripoti zake zilisema ana bidii, neno ambalo walimu humpa mtoto wakikosa jingine. Mwaka uliofuata aliingia kiwanda cha samani kufagia maranda. Baadaye akapewa brashi ya vanishi, na hakuiweka chini mpaka alipostaafu mwaka 2008. Meza aliyoipitishia mkono Kioo ungeweza kujitazama ndani yake ukinyoa ndevu. Rangi aliidharau. Alisema kupaka mbao rangi ni kumvalisha bibi harusi gunia, na bibi yetu, mshona magunia, alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho.

Alimwoa mama tarehe 14 Agosti 1971. Mama alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya maji. Alikuja na sanduku la nguo na hadithi ya kabati la vyombo la kwao, ambalo baba yake alilipaka rangi aliyoichanganya mwenyewe, ya kijani, isiyong'aa hata kidogo. Kabati hilo liliungua pamoja na nyumba mama akiwa na miaka kumi na mmoja.

"Heri liliungua," Kioo alimtania. "Kabati lisilong'aa ni kama jino lisilopigwa mswaki."

"Na wewe vanishi itakupofusha," mama alimjibu.

Walitaniana hivyo miaka nenda miaka rudi. Walijaliwa watoto watatu, na mmoja alitutoka akiwa mchanga.

Mwaka 2014 mama alianza kupotea. Kwanza zilipotea funguo, kisha njia ya sokoni, kisha sisi. Siku moja alichukua mkoba wake akaketi mlangoni. "Nipelekeni kwetu," akasema. Kioo akamwambia hapa ndipo kwako. "Hapa kwa watu," mama akajibu. "Kwetu kuna kabati la kijani."

Basi mzee aliyedharau rangi akaenda kununua rangi ya maji ya kijani na unga wa jasi, ule wa kuzibia nyufa za dari, ili rangi ising'ae. Siku ya kwanza aliumimina unga moja kwa moja kwenye rangi, akaenda kujibu simu. Aliporudi, brashi ilikuwa imesimama wima katikati ya ndoo, haing'oki. Tulicheka mpaka machozi, na mama akacheka nasi bila kujua tunacheka nini. Kwa kukosea akajifunza: unga hukorogwa kwanza na maji uwe uji mwepesi, ukachujwa kwa kipande cha chandarua, ndipo ukaingia kwenye rangi. Msasa hauhitajiki, maana rangi hiyo hushika hata juu ya vanishi. Hilo lilimuuma, kwa kuwa kabati alilolipaka lilikuwa letu la vyombo, na vanishi yake aliipiga mwenyewe kwa ajili ya harusi yao.

Mama alisimama mbele ya kabati likiwa bado bichi. "Hili la kwetu," akasema. "Baba amelipaka leo?" Akavua viatu, akaketi, akaanza kutusimulia mambo ya utotoni.

Lakini rangi ya jasi ikikauka hupauka. Ilipokauka, mama alichukua tena mkoba. Kioo akaikoza rangi ili ikikauka ifanane na ile ya kwao, ikawa hailingani ikiwa mbichi wala ikikauka. Akapaka nta juu yake, ikakolea, ila ikang'aa kidogo. Mama akakunja uso. "Hili la kiwandani," akasema. Kwa hiyo Kioo akairudia ile ya kwanza, akawa analipaka upya kila asubuhi, ili mama awe kwao mpaka ikauke. Siku za mvua ilichelewa kukauka, na hizo ndizo siku zilizokuwa njema nyumbani.

Mama alimwita "fundi". Alimheshimu fundi, akamwekea chai, ila hakumtambua kuwa ni mumewe. Nilimsihi Baba aache.

"Akishafika kwao atakumbuka aliondoka na nani," aliniambia. "Nitaacha siku atakayoniita Kioo."

Rangi ikawa nene mpaka milango ikakataa kufunga. Akawa anaikwangua kwa msasa na kupaka tena, na vumbi likajaa chumbani. Mwaka 2021 kifua kikaanza kumbana. Daktari alimwambia, "Mzee, chagua, kabati au kifua." Sote tunajua alichochagua.

Alilazwa tarehe 20 Mei 2022. Tulimpeleka mama kumwona. Baba akaondoa kile kifuniko cha hewa puani, akamuuliza, "Unanijua?"

"Nisikujue vipi?" mama akasema. "Wewe si yule fundi? Mbona umelala na kabati halijakwisha?"

Baba alicheka, akakohoa, kisha akageukia ukutani. Alifariki tarehe 3 Juni, saa kumi alasiri. Wengi wamenifariji kwamba ameondoka akijua anapendwa. Nawashukuru, lakini nilikuwapo. Aliondoka akingoja kuitwa jina lake, na hakuitwa.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne na dada mmoja. Asubuhi hii nimelipaka kabati mimi, kwa vipimo vyake vile vile. Mama amelitazama likiwa bichi, akatikisa kichwa. Ameniambia rangi ya kwao anaijua fundi peke yake, na kwamba anamsubiri. Ndiye huyo aliyeketi mstari wa mbele na mkoba mapajani. Akikuuliza fundi atakuja saa ngapi, nakuomba usimjibu.

Baba yetu Kioo apumzike kwa amani, kwani nyumbani hakuipata.