Luhende Maige, Fundi Aliyekataa Kufunga Pampu

Waombolezaji wenzetu, baba paroko, mwenyekiti wa kitongoji, majirani wa hapa Kisesa, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, imezoeleka historia ya aliyelala mbele yetu iwe fupi na isimguse mtu, lakini mzee wetu kabla ya kuondoka alitaka yake isomwe nzima, na familia imeona isimnyime hilo kama alivyonyimwa mengine.

Luhende Maige Nkwabi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapahapa Kisesa, mtoto wa pili kati ya saba wa mzee Maige Nkwabi na Bi. Mboni, wakulima wa pamba na wafugaji, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza darasa la saba mwaka 1972, kisha akakaa nyumbani akichunga, na huko machungani ndiko alikoona kwa mara ya kwanza katapila likifungua barabara, akalitazama mpaka ng'ombe wakaingia shamba la watu, akachapwa, na kesho yake akarudi kulitazama tena. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Mwanza, akahitimu ufundi wa injini za dizeli mwaka 1977.

Tarehe 2 Mei 1979 aliajiriwa na kampuni moja ya ujenzi wa barabara, ambayo familia haitaitaja kwa jina, maana wanaohusika wanaijua na wasiohusika hawaihitaji. Kampuni ilikuwa na makatapila matatu ya aina moja yaliyotoka ng'ambo, na mwaka 1991 kiwanda kilichoyatengeneza kikafungwa, spea zikakoma kuja, na kila mtu akahesabu kwamba yale sasa ni chuma chakavu, isipokuwa Luhende. Kwa miaka ishirini na mitano aliyaweka hai kwa kutafuta, alizunguka machimbo yaliyoachwa, vinu vya pamba vilivyofungwa na karakana za misheni, akiwa na rula ya chuma na daftari lenye vipimo vya kila tundu na kila ringi, na akikuta mtambo wa aina ile umeotewa na nyasi alikuwa akilala chini yake siku nzima, mpaka atoe kilichobaki kizima. Kisichopatikana alikipeleka kuchongwa, na kilichochongwa vibaya alikirudisha mara tatu, mara nne, mpaka wachongaji wakawa wakimwona mbali wanafunga mlango. Bwana Iqbal, muuza spea wa mjini, ambaye yupo nasi leo, alizoea kumwambia, "Luhende, kiwanda kimeshakufa, wewe unamtafutia dawa maiti," naye marehemu akijibu, "Maiti hapandi mlima, Iqbal, na langu leo asubuhi limepanda."

Tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa na Rebeka Mihayo, wakajaliwa watoto watatu, Winnie, Selina na Mihayo. Mama Winnie hafichi kwamba kuolewa na mtu wa namna ile kulikuwa na upweke wake, kwani Selina alipozaliwa baba yake alikuwa Kahama chini ya mtambo, akatokea siku ya tano na silinda hedi ya injini begani, akaitua mlangoni kwa uangalifu, ndipo akanawa mikono na kumpokea mtoto.

Ndugu waombolezaji, hapa tunaomba utulivu.

Mwezi Novemba 2016 kampuni ilikuwa inachonga barabara ya mlimani upande wa Sengerema, na kati ya yale makatapila matatu lilikuwa limebaki moja, nalo pampu yake ya dizeli ikafa. Jumatatu tarehe 14 meneja alileta pampu ya injini nyingine, mpya, inang'aa, na boliti zake zikakubali. Luhende aliijaribu kwenye uwanja wa karakana, akasikiliza, akaifungua, akaiweka chini, na mbele ya mafundi watatu akasema, "Imeingia, lakini siyo yake. Ikizidiwa itakata dizeli, na mtambo huu injini ikizima mlimani, breki hazishiki." Meneja akamwambia, "Wakaguzi wanakuja Ijumaa, mzee, unataka niwaoneshe nyasi mahali pa barabara?" Marehemu aliomba siku nne, akijua katapila jingine la aina ile limelala kwenye machimbo ya zamani mkoani Shinyanga, akaandika kwenye kitabu cha karakana kwamba amekataa kufunga pampu hiyo na kwa nini, akatia saini, akaondoka.

Aliipata pampu yenyewe siku ya Jumatano. Alhamisi tarehe 17 alipanda kivuko cha Kamanga akiwa ameifunga kwenye kitenge cha mkewe, bado siku moja katika zile nne alizoomba, na hapo kivukoni simu ya fundi mwenzake Masele ikamkuta, kwamba wamefunga ile aliyoikataa, injini imezima katikati ya mlima, katapila limerudi nyuma na kupinduka, na opereta Farouk Yahaya, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, amefia chini yake. Waliokuwa naye safarini walisema mzee alikaa chini palepale kati ya magari, ameipakata ile pampu, na kivuko kilipofika na magari yote yakashuka, yeye hakunyanyuka, mpaka akaja kushikwa mkono.

Kesho yake alikwenda kuzika. Mjane wa Farouk, Yasmin, alisimama mlangoni, akamwambia, "Shikamoo mzee, lakini usiingie, wamenieleza kwamba ni wewe uliyeifunga." Luhende aliitikia marahaba, akaona msibani si mahali pa kujitetea, akageuka, na hiyo marahaba aliijutia mpaka mwisho, alikuwa akisema ilitoka kama ya mtu anayekubali kosa.

Mwezi Desemba kampuni iliita kikao cha uchunguzi, na kitabu cha karakana kilipofunguliwa, ukurasa wa tarehe 14 haukuwamo. Mafundi watatu waliomsikia kwa masikio yao waliulizwa mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alisema hakumbuki. Marehemu aliiweka mezani pampu aliyoileta kutoka Shinyanga, na hakuna aliyemuuliza ni kitu gani. Tarehe 12 Januari 2017 aliachishwa kazi kwa uzembe uliosababisha kifo, umebaki mwaka mmoja na miezi miwili astaafu.

Tangu siku hiyo hakulala tena chini ya mtambo. Walikuja watu kutoka Bariadi wakiwa na greda la zamani, wakamsihi kwa heshima zote, akawapa daftari lake la vipimo, akawaambia macho yake hayaoni tena, na macho yalikuwa yanaona.

Mwaka 2021 aligundulika na maradhi ya figo, na kuanzia Juni 2023 akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Jumapili tarehe 2 Februari mwaka huu wa 2025 Masele alikuja wodini, akavua kofia yake, akasema, "Kaka, nilikusikia siku ile, na ukurasa niliona ukichanwa, ila nilikuwa na watoto shuleni." Marehemu akamjibu, "Farouk naye alikuwa nao." Masele alipoanza kuomba msamaha akamkatiza, akamwambia, "Mimi usiniombe, nenda kwa Yasmin, nenda kabla sijafa." Masele akaahidi.

Alhamisi familia ilimtuma Selina kuvuka kwenda kwa Yasmin kuuliza, na huko alikuta hakuna aliyefika, basi yeye mwenyewe akakaa na Yasmin akamweleza yote. Yasmin akasema, "Miaka minane nimemwombea mabaya mtu asiye yeye," akaahidi kuja Jumatatu amwone mzee uso kwa uso. Luhende Maige Nkwabi alifariki dunia Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, saa nne asubuhi, na hata wakati anaongea kwa shida alikuwa akiuliza Jumatatu ni lini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani na jumuiya ya hapa Kisesa kwa maji, kuni na mikono yenu, na Bwana Iqbal, aliyempeleka hospitali kwa gari lake miezi ishirini bila kuombwa mara ya pili. Wafanyakazi wenzake tunawashukuru kwa kufika na kwa shada la maua, tumelipokea, lakini salamu zenu zilizokuwa kwenye ratiba hatutazisikia, nafasi hiyo tumempa Yasmin, ambaye amevuka leo asubuhi na amekaa pale pamoja na mama Winnie.

Luhende, mwana wa Maige, pumzika sasa, watu wote wamesikia kwamba hukuifunga wewe.