Opereta na Kaseti Zake Mia Nne na Kumi na Mbili

Marehemu, ambaye hata wajukuu walimwita Opereta, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni. Alikuwa mtoto wa tatu, na wa kike peke yake, wa karani wa mizigo na mkewe mshonaji. Wasifu huu umeandikwa na binti yake, na ndiye anayewasomea. Kikao cha familia cha juzi kilimshauri apunguze habari za kaseti, kwamba hazifai mbele ya jeneza. Ushauri ameusikia. Habari hazijapungua.

Alianza shule mwaka 1959 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1970. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mwepesi zaidi wa mdomo. Darasa la sita alipigwa marufuku kusogelea bendi ya shule, kwa sababu kila gwaride likiisha alikwenda kumweleza mpiga ngoma alipokosea. Mpiga ngoma alikuwa mwalimu wa zamu.

Tarehe 3 Februari 1972 aliajiriwa kuwa opereta wa simu katika hospitali ya mji, akakaa miaka ishirini na sita mbele ya ubao wa nyaya, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Kazi ile ilikuwa na sheria moja kubwa: opereta anaweza kusikia, ila hana maoni. Alisikia habari za waliozaliwa na waliokufa. Alisikia madaktari wakiwaambia wake zao wako zamu, na zamu anaijua yeye. Alifunga mdomo siku sita za wiki, na ya saba akajifidia.

Kila Jumapili saa tisa alasiri alisimama mbele ya kabati la vyombo, ambalo vyombo vyenyewe vilishahamia kwenye boksi chini ya kitanda. Ndani zilijaa kaseti zake za muziki. Alifumba macho akavuta moja. Kuchagua kulikuwa mwiko, na kuirudisha iliyotoka ni mwiko zaidi. Iliyotoka ilisikilizwa pande zote mbili mpaka mwisho, kisha aliandika daftarini alivyoiona, bila kuipaka asali. Daftari ziko saba. Binti anasoma machache, na wenye haya wanaweza kutazama chini. Mwaka 1979: “Anadai ameachwa, lakini tarumbeta zinaonyesha ameshapata mwingine.” Mwaka 1986: “Dakika tisa za kuomba msamaha, na kosa hajalitaja.” Mwaka 1993: “Mpiga gitaa huyu hana haraka na mtu. Ningeolewa naye, bahati mbaya nimeshawahiwa.”

Aliyemuwahi ni fundi wa redio, tarehe 20 Agosti 1977. Alikuwa ametengeneza redio kaseti ya marehemu mara tatu kwa ugonjwa uleule, na baada ya harusi alikiri kwamba mara mbili za mwisho ilikuwa nzima. Mwaka 1984, marehemu alipolazwa kujifungua kitinda mimba, mumewe alitaka kumfurahisha. Alizipanga kaseti zote kwa alfabeti na kubandika namba juu ya kila moja. Marehemu alifika nyumbani, akafungua kabati, akakaa chini. Alimshukuru sana mumewe, kisha akamweleza kwamba akishajua kilipo kitu, hata akifumba macho atakuwa anachagua. Kuzivuruga upya kulimchukua siku mbili, mtoto mgongoni, na mume ndiye aliyebandua namba.

Masikio yalianza kumsumbua mwaka 2009. Kufikia 2016 alikuwa hasikii kitu. Kaka yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu ambaye yuko hapa mstari wa mbele, alikwenda kumshauri kwa nia njema azigawe zile kaseti.

“Mdogo wangu, kiziwi na kaseti wapi na wapi?”

Maneno aliyasoma midomoni mwake.

“Masikio yaliyokufa ni yangu, na kaseti ni zangu. Wewe kinachokuuma ni kipi?”

Jumapili iliyofuata saa tisa alivuta kaseti, akafungulia sauti mpaka mwisho, akaweka kiganja juu ya spika. Majirani walilalamika. Ndugu waliona aibu, wakasema uzee umemchanganya. Haukumchanganya. Aliandika: “Mpiga besi ana miguu mizito na moyo mwepesi.” Na aliyeicheza kaseti hiyo baadaye kwa masikio mazima aliona hana cha kuongeza.

Mwaka 2020 moyo nao ulianza kuchoka. Jumapili tarehe 1 Agosti 2021 alishikwa mkono mpaka kabatini, akafumba macho, na kaseti iliyotoka ni ya kwaya aliyoiongoza kaka yake huyo mkubwa mwaka 1988. Aliisikiliza kwa kiganja pande zote mbili, kisha akaandika: “Kwaya ya kaka. Zamani niliandika kwamba wanaimba kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Sifuti. Ila leo, ile sauti ya chini inayowashika wengine wasianguke, ni yake. Sikuwahi kuisikia nilipokuwa nasikia.” Alifariki kesho yake, Jumatatu, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 69.

Mjomba huyo alipoonyeshwa ukurasa huo juzi aliusoma akiwa amesimama, akavua miwani, akausoma tena. Kisha aliomba maneno hayo yasomwe leo, na mengine yote yaachwe. Binti anampenda mjomba wake, na amekataa. Aliyeandika la mwisho ndiye aliyeandika ya kwanza, na hazikwi nusu.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano na kaka wawili. Ameacha pia kaseti mia nne na kumi na mbili, ambazo haziuzwi, hazigawanywi wala hazipangwi. Kabati litafunguliwa Jumapili ijayo saa tisa alasiri. Wa kwanza kufumba macho ni mjomba, na itakayotoka ataisikiliza mpaka mwisho.

Apumzike kwa amani. Kimya si lazima.