Ushanga Mweupe wa Nkambo Mwenya

Ndugu, jamaa na majirani, ninyi mliolala chini pamoja na familia hapa Kamalondo tangu Jumatatu, na ninyi mliofika leo asubuhi kutoka Katobelo na Kapepa mkiwa bado na vumbi la barabara ya Mokambo, familia imemtuma mjukuu Exaucée awasomee maisha ya bibi yake, Mwenya Wivine, ambaye wajukuu wote walimwita Nkambo, na inawaomba msikilize mpaka mwisho, kwa sababu marehemu aliacha ombi moja tu, na ombi hilo halieleweki bila kuijua njia aliyopita.

Mwenya Wivine alizaliwa tarehe 14 mwezi wa nane 1951 katika kijiji cha Kapepa, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Kalenga Antoine, aliyefanya kazi ya reli kabla ya kurudi kulima, na wa mkewe Mutale, ambaye leo amelala kaburini huko huko Kapepa karibu na mto.

Mwezi wa tisa 1958 aliingia shule ya masista, mwendo wa saa mbili kwa miguu, akasoma hadi mwaka wa nne, akajua kusoma, kuandika na kushona pindo, lakini katika misukosuko ya 1962 shule ilifungwa, na siku ilipofunguliwa tena, jembe lilikuwa limekwisha kumzoea.

Alipofika umri wa kuolewa, alichumbiwa na Chama David wa Katobelo, kijana wa maneno machache na mikono mikubwa, aliyelima mashamba ya wakwe zake kwa miaka miwili kama desturi inavyotaka, na tarehe 5 mwezi wa tisa 1970 walifunga ndoa mbele ya padri, ndipo David akaruhusiwa kumchukua mke wake na kumpeleka Katobelo, kwa mama yake mzazi, Chanda. Mungu aliwapa watoto watatu: Faustin mwaka 1971, fundi cherehani mnayemjua nyote hapa mtaani, binti aitwaye Mimi mwaka 1974, mama yake Exaucée, na Stéphane, aliyezaliwa tarehe 20 mwezi wa nane 1979, na ambaye baba yake hakumwona.

Kwa maana tarehe 9 mwezi wa pili 1979, mahindi yakiwa yamefika kifuani, David aliondoka kupitia Mokambo kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka, na pale njia inapokata mto alimgeukia mke wake akasema, «Mama Faustin, unichungie shamba. Mahindi ikikauka, utaniona.» Mahindi yakakauka, yakavunwa, yakapandwa mengine. Mmoja alisema alimwona katika mji wa migodi ya Zambia akisukuma baiskeli, mwingine alisikia kwamba alizikwa huko na watu wasiomjua, lakini hakuna aliyeleta shati lake wala kiatu chake, na habari isiyo na shati wala kiatu haiwezi kuliliwa.

Hapa familia inawaeleza vijana waliozaliwa mjini jambo ambalo wazee wanalijua. Kwa desturi ya Katobelo, mume akifa, roho yake humshika mke mpaka ndugu za mume wamfunge ushanga mweupe mkononi, na mwanamke asiyefungwa ushanga haolewi, harudi kuishi kwa wazazi wake, na akifa huzikwa katika mstari wa makaburi ya nyumba ya mume. Ushanga huu hufungwa kwa kifo cha mume tu. Mwenya hakuwa mjane, kwa sababu hapakuwa na maiti, na hakuwa mke, kwa sababu hapakuwa na mume, akabaki katikati, kama mtu aliyeingiza mkono katika shimo la mzinga, hawezi kuutoa wala kupata asali.

Alimwomba mama mkwe wake mara ya kwanza mwaka 1984. Mama Chanda hakuwa mtu mbaya, aliwalea wajukuu hawa kwa mgongo wake mwenyewe, lakini alijibu mbele ya watu, «Mutoto yangu hakufa. Nikimufunga Mwenya ushanga, ni miye nitakuwa nimemuzika na hii mikono.» Kila mwaka, kabla ya mvua ya kwanza, alichonga mpini mpya akautia katika jembe la David, na jembe hilo hilo ndilo Mwenya alilolimia, maana chuma kisipofanya kazi kinaliwa na kutu, na watoto watatu walihitaji kula.

Alilima mahindi, mihogo na karanga, bila ng'ombe na bila trekta, akipanda maboga juu ya kichuguu kikubwa kilicho katikati ya shamba, ambako udongo haukuwahi kuchoka. Alibeba magunia kichwani hadi barabarani, akamzika mtoto wa dada yake, akawasomesha wake mwenyewe, akavunjika mkono mwaka 1991 na kupalilia kwa mkono mmoja msimu mzima. Wanawake kisimani walimtania, «Mwenya, bwana yako iko na bahati, bibi analima, yeye anatembea,» naye akawajibu, «Akichoka kutembea, atanikuta nimechoka kulima, tutakuwa sawa,» wakacheka wote, naye akacheka pamoja nao, akajitwisha ndoo yake. Juu ya kichuguu kile mtu huiona barabara ya Mokambo mpaka inapopinda. Binti yake Mimi, akiwa msichana, alimwuliza kama alikuwa anamtafuta baba. Alijibu, «Ninaangalia mvua.»

Mwaka 1986 fundi mwashi aitwaye Kabwe, aliyefiwa na mke wake, alikuja kujenga kanisa dogo la Katobelo, akapenda utulivu wa Mwenya, akatuma watu kwa heshima. Jibu la Mama Chanda halikubadilika. Kabwe alirudi kila kiangazi, miaka mitatu, akitengeneza ufa ambao kanisa halikuwa nao, kisha akaoa kwingine. Wajukuu walipokua wakamwuliza Nkambo kama alimkasirikia, alisema, «Hapana. Mutu hawezi kungojea kwenye mulango yenye haina funguo.»

Baba yake Kalenga alipofariki mwaka 1994 alipewa siku tatu za kwenda Kapepa kulia, na siku ya nne alikuwa ameinama tena shambani. Mwaka 2003 Mama Chanda aliugua, Mwenya akamwogesha na kumlisha miezi mitano, na siku ya mwisho mama mkwe alipomwita karibu na mkeka, watu wote walijua ni neno gani Mwenya alikuwa analingojea. Mama Chanda alimshika mkono, pale pale penye kifundo ambapo ushanga hufungwa, akauliza, «Uliisha kutia mupini?» Mwenya akasema, «Ndiyo, mama.» Mama Chanda akafariki. Mwaka huo Mwenya alichonga mpini mwenyewe, na kila mwaka baada ya hapo.

Neno la ukoo lilibaki kwa mdogo wa David, Kapya, ambaye kwa heshima tunamwita Ba Kapya, mkazi wa Makomeno, ambaye yuko hapa mbele yenu. Nkambo alimwendea mwaka 2004, mwaka 2011 na mwaka 2019, na mara zote alijibiwa kwa upole, kama mdogo anavyomjibu dada yake mkubwa, «Yaya, mama alikataa. Miye ni nani?» Familia haisemi haya ili kumwaibisha mtu. Ba Kapya mwenyewe ameomba yasomwe, na asiyewahi kuogopa kumkatalia mama aliyekwisha kufa ndiye awe wa kwanza kumhukumu.

Faustin alimjengea mama yake chumba hapa Kamalondo, chenye dirisha na kitanda kizuri, lakini hakuwahi kulala humo zaidi ya wiki moja, kwani shamba alikabidhiwa, na aliyelikabidhi hakuja kulipokea.

Ugonjwa ulianza mwezi wa pili 2024 kwa kuvimba miguu, kisha pumzi ikawa fupi, na tarehe 11 mwezi wa tatu mwaka huu 2025 Stéphane alimleta hapa Lubumbashi, ambako madaktari waliukuta moyo umechoka. Akiwa kitandani aliuliza kila siku kama mvua ilinyesha upande wa Mokambo. Tarehe 17 mwezi wa tano alimwita Exaucée akamwambia ombi lake, «Ninataka kulala kwa mama yangu, Kapepa. Lakini musinipeleke kama mwizi. Ba Kapya banifungue kwanza.» Alifariki Jumatatu tarehe 19 mwezi wa tano 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, akiacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wanne.

Jana mchana nyumba mbili, ya mke na ya mume, zilikaa kikao, na zilikaa muda mrefu. Wengine walisema ushanga si kitu cha wakristo, wengine walisema haufungwi mkononi mwa maiti, wengine waliuliza nani atathubutu kusema David amekufa. Kisha Ba Kapya akatoa mfukoni ushanga mmoja mweupe, akasema ametembea nao tangu 2019, akampa Mimi, binti wa marehemu, autunge katika uzi. Akaufunga katika mkono wa kuume wa Nkambo, akasema kwa sauti ambayo wengi tuliisikia, «Yaya, tunakufungua. Kaka yangu alikufa.» Ndipo akaanza kulia, na wazee wakatambua kwamba alikuwa hamlilii Mwenya.

Kwa hiyo, ndugu, kilio hiki ni cha watu wawili. Familia inawatangazia pia msiba wa Chama David, aliyezaliwa Katobelo mwaka 1947, mume wa Mwenya, baba wa Faustin, Mimi na Stéphane, aliyeondoka tarehe 9 mwezi wa pili 1979, ambaye siku yake ya kufa haijulikani na kaburi lake halijulikani. Alingojewa miaka arobaini na sita. Mlilieni naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa yule muuguzi aliyekubali kumdanganya kwamba mvua imenyesha, inawashukuru majirani wa mtaa huu waliotoa viti, maji na usingizi wao, mafundi cherehani wenzake Faustin waliofunga mashine siku tatu, akina mama wa jumuiya waliopika bukari, ugali wetu, kwa watu wote hawa, na watu wa Katobelo ambao, baada ya uamuzi wa jana, wamekubali lori la jeneza lipite kijijini kwao bila kusimama, hadi Kapepa.

Nkambo Mwenya, jembe tumelitoa mpini, chuma kiko kwa Ba Kapya, na shamba amelipokea yeye kwa niaba ya kaka yake. Mahindi yamekauka. Nenda kwa mama yako, hakuna anayekushika tena, upumzike kwa amani.