Bi Semeni wa Moa na Korongo Wenye Pete

Asalaam aleikum ndugu zetu, na wa dini nyingine tunawasalimu, poleni kwa safari na poleni kwa jua. Sisi wa nyumbani tumechoka, mtatuwia radhi sauti ikikatika.

Bi Semeni Zubeiri alizaliwa hapa Moa tarehe 12 Juni 1957, kitinda mimba wa mzee Zubeiri mkulima wa mpunga, akasoma madrasa, kisha shule ya msingi hapahapa hadi darasa la saba mwaka 1972, akaingia mashamba ya chumvi, majarubani, kazi aliyoifanya mpaka magoti yalipomkatalia mwaka 2010. Tarehe 3 Machi 1978 aliolewa na marehemu Sabiri Yakoub, wakajaliwa watoto ambao tutawataja mbele, maana hapo pana maneno.

Mwaka 2011 Yakoub, mwanawe wa mwisho, alivuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa kutafuta kazi ya meli, akapiga simu mara mbili, kisha simu ikawa haipatikani, na haijapatikana hadi leo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: aliulizia bandarini, kwa polisi wa pande zote mbili na kwa mashekhe, akachoka, akanyamaza.

Desemba 2013 walifika wahesabu ndege, akawapikia, na kiongozi wao, dada Kristina, ambaye tunaye hapa, akamwonyesha kwa darubini korongo mweupe jarubani, mguuni ana pete yenye herufi na namba. Sisi tulikuwa tukiwakimbia ndege hao, tukisema wametumwa na mtu, wamefungwa hirizi. Kumbe ni alama tu, ukiisoma na kuituma kwa wanaowavisha huko Ulaya unajibiwa ndege alizaliwa wapi. Ile ya kwanza ilijibiwa baada ya wiki mbili: amezaliwa Polandi, juu ya paa la zizi. Bi Semeni alifurahi mno, halafu akamwomba Kristina awatumie watu hao na jina la Yakoub. Kristina hakuwa na moyo wa kumkatalia, akalituma, nao wakajibu kwa upole kwamba wao wanawajua ndege tu.

Wengine tungekata tamaa. Yeye aliachiwa darubini, na kila mwaka kuanzia Novemba hadi Machi akawa majarubani, tope hadi magotini, magoti yaleyale, akisoma pete, nasi tukimtania kuwa ni karani wa korongo, naye akicheka. Rahila, bintiye, alipomuuliza faida yake, alimjibu: "Korongo namwona alipo, sijui alikozaliwa, nikiuliza najibiwa. Mwanangu najua nilikomzaa, sijui aliko, na wa kumuuliza sina."

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, akahamia kwa Rahila, Usagara, awe karibu na hospitali, akilalamika kwamba Usagara hakuna ndege ila kunguru, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, alifariki, inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Sasa lile tuliloliahirisha. Jana wazee walishauri tusome watoto wawili, na Yakoub aombewe dua ya marehemu, kwani miaka imekuwa mingi, na Miraji, mtoto mkubwa, alikubali kwa sababu amechoka, wala hatumlaumu, sote tumechoka. Lakini marehemu, akiwa kitandani, alimshika Rahila mkono akamwambia: "Siku yangu msinipunguzie mtoto." Basi tunasoma alivyotaka: Bi Semeni ameacha watoto watatu, Miraji, Rahila na Yakoub, na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Usagara na wa Moa waliopika na waliochimba kaburi, wenzake wa chumvini, na Kristina, ambaye hakumcheka.

Nanyi mnaopita Horohoro kwenda huko mbele, mkikutana na Yakoub Sabiri, mwambieni mamake amezikwa Moa, upande wa majaruba.

Pumzika kwa amani, Bi Semeni. Zamu ya kungoja tumekupokea.