Kilichokuwa Ndani ya Sanduku la Mwalimu Viateur

Padri wetu, baba na mama wote mlioketi hapa, familia ya Mwalimu Viateur Mbusa inaomba usikivu wenu mpate kusikia maisha yake, na pia kilichokuwa ndani ya sanduku lake, kwa sababu mengi yamesemwa juu ya sanduku hilo, na Mama Kanyere, mjane wake, hataki mume wake afunikwe udongo akiitwa mchawi.

Mwalimu Viateur alizaliwa Butembo tarehe 3 Mei 1958, mtoto wa wakulima, akabatizwa na kusoma huko, kisha akaenda Bukavu kujifunza ualimu wa biolojia, akapata diploma mwaka 1981. Mwaka uliofuata alifika Goma, akapewa darasa katika shule moja ya Katindo, wala hakuliacha mpaka vita ilipomtoa.

Tarehe 11 Agosti 1984 alifunga ndoa na Kanyere, Mungu akawapa Donat, Sidonie, Charline na Benny. Benny alikufa kwa kipindupindu mwezi wa saba mwaka 1994, akiwa na miaka miwili, wakati wakimbizi walipojaa mjini na maji ya kunywa yakawa ya kuua. Mwalimu alimzika, na shule ilipofunguliwa alirudi kufundisha, akiwapokea darasani hata watoto wa wakimbizi.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la echinodermes, wanyama wa baharini wenye ngozi ya miiba. Ziwa letu halina hata mmoja, na wanafunzi walikuwa wakimcheka, wakiuliza kwa nini awachoshe na nyama wasioliwa wala kuonekana. Ndiyo maana Papa Rachidi wa Majengo, aliyekuwa akiendesha lori mpaka Dar es Salaam, alimletea waliokaushwa, na walipoungua kwa moto wa volkano mwaka 2002 akamletea wengine. Humo sandukuni mlikuwa na nyota ya bahari yenye mikono minene, na ndugu yake mwembamba ambaye mikono yake hukatika upesi kama vijiti, na oursin wa mviringo kama chungwa lenye miiba, na jongoo wa bahari, aliyekuwa laini kama tango kabla ya kukaushwa. Wa tano anafanana na ua, Papa Rachidi hakumpata kamwe, Mwalimu akamchora kwenye karatasi ngumu. Alifundisha kwamba wote ni ukoo mmoja, hawana kichwa wala ubongo, chini ya ngozi wana vipande vya chokaa badala ya mifupa, mwili umegawanyika sehemu tano, nyota hutembea kwa vimirija vinavyojaa maji, mdomo wake uko chini katikati, na ikikatwa mkono huota mwingine. Ili waelewe, aliwalaza watoto watano uani, vichwa vikikutana katikati, akawauliza wengine mdomo uko wapi.

Tarehe 29 Januari 2025, vita ikiwa imeingia mjini, risasi zilipopungua, alikwenda shuleni kulitoa sanduku, kwani shule ilikuwa ikiporwa. Mama Kanyere alimkataza, akajibu kwamba bila sanduku somo ni maneno matupu. Wakati wa kurudi, kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, vijana wenye bunduki walilifungua, wakasema ni dawa za kuzuia risasi. Papa Rachidi, aliyefuatana naye, anasimulia kwamba mmoja aliuliza, “Muzee, dawa hii unamutumikishia nani?”

Mwalimu akajibu kwa sauti ile ya darasani, “Hii si dawa, mutoto wangu. Ni nyama ya bahari, haina hata kichwa. Geuza, utaona mdomo wake.”

Kijana aligeuza, wenzake wakamcheka kwamba amekuwa mwanafunzi wa mchawi, ndipo hasira ikampanda, akampiga Mwalimu kwa kitako cha bunduki mbavuni na mgongoni, na sanduku wakalikanyaga.

Kuanzia siku hiyo alikojoa damu. Hospitali zilikuwa zimejaa majeruhi, akapata kitanda tarehe 4 Februari, figo zikiwa zimeharibika. Huku nyuma habari ya dawa ilienea, na watu wa shirika, jumuiya yetu ndogo ya kanisa, wakaacha kuja kusali nyumbani. Mama Kanyere alipolia kwa uchungu, mgonjwa alimwambia, “Usiwachukie. Hawakuonyeshwa.” Alifariki tarehe 16 Machi 2025, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani, na Papa Rachidi aliyerudi kuokota vipande njiani. Vipande hivyo viko hapa mezani, kando ya jeneza, bila kufunikwa. Tulishauriwa tuvizike pamoja naye, tukakataa, kwa kuwa kesho ingesemwa amezikwa na dawa zake. Mtakapopita kumuaga, tunaomba kila mmoja ashike kipande na kukigeuza, hata ninyi mlioacha kuja.

Pumzika kwa amani ya Mungu, Mwalimu, darasa limekuja.