Historia ya Jerioth Wamaitha, na Neno Alilomwachia Dama

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Chaani mliotutandikia mikeka na kutufungia turubai tangu msiba ulipoingia, jamaa waliotoka Wundanyi na waliotoka Ol Kalou, nawasalimu nyote kwa heshima. Jina langu ni Kimani, mimi ndiye kitinda mimba wa nyumba yetu, na ninasoma historia hii kwa sababu dada yangu mwenyewe alinichagua, akisema kuwa kwa kuwa nimefundisha Kiswahili shuleni miaka mingi, basi angalau jambo hili nisiliharibu, ingawa kila nilipokuja Mombasa alinicheka matamshi mbele za watu.

Marehemu Jerioth Wamaitha alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Kaimbaga, Ol Kalou, akiwa binti wa kwanza wa marehemu Mzee Gathitu na marehemu Mama Nyaguthii, alisoma shule ya msingi papo hapo kijijini, akafanya mtihani wake wa mwisho mwaka wa 1976, akaingia sekondari, na alipofika kidato cha pili mama yetu aliugua, ikabidi arudi nyumbani kutulea sisi wadogo. Mimi nilikuwa mgongoni mwake wakati huo, na niliyoyapata maishani kwa kusoma yalianzia kwenye kiti alichokiacha yeye.

Mwezi wa Februari 1983 alishuka pwani kwa shangazi yetu hapa Changamwe, na mwaka wa 1985 akaajiriwa katika kiwanda cha nguo, akawa mshonaji wa kola za mashati, kazi aliyoifanya mpaka tarehe 31 Machi 2017 alipostaafu. Wenzake wa kiwandani, ambao nawaona pale nyuma, wanajua kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi, na kwamba ukivaa shati lililoshonwa ovyo mbele yake alikushika kola bila ruhusa, hata kama wewe ni mchungaji, na mchungaji wetu anatabasamu kwa sababu yalimkuta.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Elkana Mwandawiro wa Wundanyi, karani wa bohari, wakajaliwa mtoto mmoja, Clifford, aliyezaliwa tarehe 22 Septemba 1988, ambaye leo ni mpishi melini na ambaye habari zilimfikia akiwa katikati ya bahari, atashuka uwanja wa ndege kesho na kutukuta kaburini. Elkana alifariki tarehe 3 Mei 2004. Clifford alipomaliza shule naye akaenda baharini, dada yangu alibaki peke yake katika chumba kile cha pili kushoto, na sitaki kuwapambia maneno, alikuwa mpweke, alipika sufuria ndogo, alizungumza na redio, na ukimpigia simu alikushikilia mpaka salio likaisha, halafu anasema hakuwa na jambo.

Mwaka wa 2009 alihamia jirani katika chumba kinachotazamana na chake, Dama Kadenge kutoka Kaloleni, ambaye ninyi nyote mnamjua kwa mahamri anayoyakaanga kibarazani asubuhi. Dama alimpelekea mahamri mawili siku ya kwanza kama ujirani tu, kesho yake akampelekea tena, na ikawa ndiyo desturi, hodi mlangoni, mahamri mawili kwenye kisahani, chai, na maneno ya mtaa wote, hata Clifford akipiga simu kutoka ng'ambo jambo la kwanza alilouliza ni kama Dama ameshapita. Kwa hiyo nikisema kwamba marehemu aliacha mtoto mmoja na ndugu, nitakuwa nimesema ukweli nusu, kwa sababu mtu aliyekuwa akimwona kila siku alikuwa Dama.

Sasa nakuja kwenye ugonjwa, na hapa naomba utulivu, hasa kina mama mlioko upande wa jikoni, kwa sababu ndicho nilichotumwa.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2025 figo za marehemu zilishindwa kazi, akaanza kusafishwa damu kwa mashine, na kwa kuwa mishipa ya mikono ilikataa, madaktari walimwekea mpira kwenye mshipa mkubwa karibu na shingo. Mwezi wa Juni alianza kutetemeka kwa homa, akalazwa, nami nikaja kutoka Ol Kalou kumwangalia. Akipewa dawa homa inashuka, tunamshukuru Mungu, siku chache zikipita inapanda upya, mpaka damu yake ilipopimwa na kuonekana ina kuvu, viumbe vidogo vya jamii ya hamira.

Daktari Lynnette, aliyemtibu, alitueleza kwa subira kwamba viumbe hivyo hukaa kwenye ngozi ya mtu, kwenye mikono, hata kwenye vyuma vya vitanda vya hospitali, wala havimsumbui mwenye afya, lakini vikipata mpira ulioingia mwilini vinajibandika ndani yake, vinajenga utando, tabaka juu ya tabaka, dawa inaviua vya juu na vya chini vinasalimika, kisha vinachomoka tena na kuingia kwenye damu. Alituambia tufikirie mtungi wa maji tunaonunua kwa mkokoteni, ule utelezi wa ndani ambao unasuuza na kusuuza na bado kidole kinateleza. Akasema mpira lazima utolewe. Dada yangu alikataa, kwa kuwa mpira ule ndio uliokuwa njia yake ya kufikia mashine na aliogopa kwamba mshipa mwingine hautapatikana, akashikilia hivyo kwa siku kadhaa, kisha akakubali, ukatolewa tarehe 18 Julai na mwingine ukawekwa pajani, lakini kuvu walikuwa wameshafika kwenye moyo.

Kwa sababu kuvu wa aina hiyo huhama kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine, aliwekwa chumba cha peke yake, anayeingia avae joho la plastiki na glavu. Mtu aliyeishi peke yake miaka yote hiyo akawa sasa anashikwa na mikono ya mpira tu. Kanisa lilimwombea likiwa nje ya dirisha, akashukuru, lakini macho yake yalikuwa yakimtafuta Dama. Dama alikuwa amekuja mara moja tu, siku ile ya maelezo ya daktari, akasimama mlangoni akasikiliza, akaondoka bila kuaga, na hakurudi. Simu hakupokea. Dada yangu alisema ni sawa, watu huogopa ugonjwa, kisha akageukia ukutani, na mimi nilijua kwamba si sawa hata kidogo.

Nilipokuja hapa kumchukulia kanga zake nilikuta jiko la kibarazani limepoa na karai limefunikwa gunia. Nilibisha mlango wa Dama nikiwa na hasira zangu, nikidhani nitamwambia maneno, akafungua akiwa amevimba macho, akaniambia kwamba yeye ndiye anayemuua mama Clifford, kwamba hamira aliyomlisha kwa mkono wake kila asubuhi ndiyo iliyojikusanya mwilini, na kwamba hataukanda unga tena maishani mwake. Nilimweleza sivyo, hakusikia. Alifunga mlango.

Nilirudi nikamwambia marehemu. Alicheka, jamani, alicheka mpaka muuguzi akachungulia, halafu akalia, halafu akakasirika kabisa, akataka kushuka kitandani na mipira yake aje Chaani amtie Dama adabu. Alimwita daktari, akamuuliza mbele yangu, naye akajibu wazi kwamba hamira ya mahamri ni nyingine na hufa kwenye mafuta ya moto, na kwamba hakuna chakula chochote kilichomletea ugonjwa ule. Siku moja alitamani hamri, nikamnunulia langoni, akaling'ata mara moja akalirudisha kwenye karatasi, akasema halina iliki. Kisha akaniagiza, na ninasoma kama alivyoniagiza, kwamba Dama anaweza kukataa simu, anaweza kunifungia mlango mimi mwalimu na Kiswahili changu, lakini mazishi hatayakosa, basi nimwambie siku hiyo, mbele ya watu wote, ili asibaki hata mmoja wa kumnyooshea kidole. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa tano asubuhi, nikiwa nimemshika mkono kwa glavu.

Dama, najua uko pale ukumbini nyuma ya pazia. Hukumuua. Mahamri yako ndiyo yaliyomfanya aamke asubuhi akiwa na mtu wa kumngoja, na yeye mwenyewe ndiye anayesema hivyo, mimi ninasoma tu.

Familia inamshukuru Daktari Lynnette na wauguzi wote waliomhudumia, majirani, wenzake wa kiwandani, na kina mama waliotupikia wiki nzima, ambao watatusamehe tukisema chai ya matanga haya tumeinywa na mkate wa dukani na haikushuka vizuri. Basi la kwenda Wundanyi linaondoka baada ya ibada. Wazee wa pande zote mbili wamekubaliana kwamba kiti cha mbele, karibu na jeneza, kisikaliwe na mtu wa familia yoyote, ni cha Dama. Huko juu kuna baridi, mama, uchukue na shuka.

Jerioth, dada yangu, neno lako nimelifikisha. Pumzika sasa kwa amani, njiani hutakuwa peke yako.