Bi Hodi Anauachia Mkono wa Mashine

Tuanze na ukweli: hajazaliwa mtu anayebana sufu kunishinda mimi. Nikipita bandani kondoo wanajipanga wenyewe foleni, na robota nililolibana mimi likianguka, kinachoumia ni ardhi. Ndiyo maana msimamizi alipotafuta wa kuandika ukurasa huu wa sherehe aliniita mimi, ingawa shule niliiacha kabla haijanimaliza. Alisema pia kwamba wengine wote walikuwa wamekataa, lakini hayo ni maneno ya pembeni.

Sasa tumgeukie mwenye siku. Bi Hodi, mbanaji mkuu wa banda letu la kunyolea kondoo, anastaafu Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye mashine moja ile ile. Anaondoka kwa sababu masikio yake yametangulia kuondoka. Si siri, mwenyewe ndiye aliyetangaza. Hotuba za Ijumaa atazitazama tu midomo ikicheza, kwa hiyo maandishi haya ndiyo hotuba pekee atakayoipata nzima. Nimeonywa niandike kwa adabu. Mama, ukifika mahali pasipo na adabu, ruka.

Kwa wageni ambao sufu wanaijua ikishakuwa sweta, niwaeleze kidogo. Kondoo anaingia bandani akiwa mnene kama tajiri, anatokea upande wa pili mwembamba, mwenye aibu, kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto. Ndoto yenyewe inabaki sakafuni. Inaokotwa kwa mikono miwili na kurushwa juu ya meza ya kuchambulia, na kabla haijatua inakaa hewani imetandazwa kama shuka, jua la dirishani likipita katikati yake na vumbi likielea humo kama limesahau lilikokuwa linakwenda. Nimeiona mara zisizo na idadi na bado nasimama kuitazama. Nikisimama nafokewa.

Baada ya meza, sufu inakwenda kwa Bi Hodi. Kazi yake ilikuwa kuchukua mawingu na kuyatia kwenye gunia la mraba. Mashine yake ni sanduku la mbao na chuma, refu kupita mtu. Gunia linavishwa ndani ya sanduku, sufu inajazwa, kisha bamba zito la chuma, likisukumwa na injini inayonguruma kando, linashuka kuishindilia, mara hii, na hii tena, mpaka sufu iliyojaza chumba kizima inatoka robota moja gumu ambalo watu wawili hawalinyanyui. Tatizo ni hili: lazima mtu aingie ndani ya sanduku kuliweka gunia sawa kwenye pembe, na anayeshika mkono wa mashine kule nje hamwoni. Kwenye mabanda mengine ni hapo watu walipoacha vidole, na wengine zaidi ya vidole. Kwetu haujapotea hata ukucha. Sababu ni neno moja.

Kabla ya kushusha bamba, Bi Hodi hupiga ubavu wa sanduku kwa kiganja na kusema, "Hodi." Akijibiwa karibu, hashushi. Asipojibiwa anarudia mara ya pili, na ya tatu, ndipo bamba linashuka. Kwa hiyo adabu ya kawaida aliipindua ndani nje kama soksi. Kwenye nyumba za watu, kimya maana yake urudi ulikotoka. Kwake yeye kimya ndiyo ruhusa, na karibu ndiyo katazo.

Anayejua gharama ya mazoea haya ni mumewe, fundi cherehani anayetushonea magunia yakichanika. Anasimulia kwamba waliwahi kwenda kumwona jirani mgonjwa. Mkewe akapiga hodi, kimya. Hodi ya pili, kimya. Hodi ya tatu, akaingia moja kwa moja na kumkuta jirani ndani ya beseni, sabuni mpaka machoni, akiwa mzima kuliko wote waliokuja kumpa pole. Juma lililofuata walialikwa harusini. Akina mama wakaitikia kwa pamoja, karibu, karibu sana, na Bi Hodi akaganda mlangoni mkono juu, na msururu mzima wa wabeba sinia ukaganda nyuma yake. Fundi anasema, "Mke wangu mimi ukimkaribisha anagoma."

Mimi mwenyewe, wiki yangu ya kwanza, niliona hodi hiyo ni kitu cha kuchezea. Nikajibanza nyuma ya sanduku. Alipobisha nikaitikia kwa sauti nyembamba, "Karibu mama, karibu chai." Akauachia mkono wa mashine. Akazunguka, akafungua mlango wa sanduku, akatoa sufu yote kwa mikono, kumbatio baada ya kumbatio, mpaka akaiona sakafu. Huku nyuma sufu inafurika, wanyoaji wamesimama na mashine zao mkononi, kondoo wanasubiri kama abiria. Nilijua kofi linakuja, nikatengeneza shavu kabisa. Hakunigusa. Alikaa juu ya robota mbele yangu, akasema, "Umenikaribisha. Chai iko wapi?" Akachukua chupa yangu akainywa yote, taratibu, kama mtu mwenye likizo. Alipomaliza akafuta mdomo. "Ukinidanganya tena, mwanangu, nitakuamini tena. Kila siku nitakuamini. Kwa hiyo uwe unaleta chupa kubwa."

Sikurudia. Chupa yangu ni ndogo.

Ghalani ndiko alikokuwa malkia zaidi. Marobota yake yalilazwa kama matofali, kila moja likiegemea mabega ya mawili ya chini, na kati yao na ukuta aliacha njia ya mtu kupita, hata msimamizi alipolia kwamba nafasi inapotea. Alisema robota halina macho, basi wewe uwe nayo. Kulabu za kuvutia marobota zilitundikwa ncha zikitazama ukuta. Ole wako uvute robota la chini ili la juu lishuke lenyewe. Ukiingia humo mchana, mlango ukafungwa nyuma yako, dunia inazimika. Sufu inakula sauti. Unasikia damu yako mwenyewe ikitembea, na harufu ile ya mafuta ya kondoo, tamu na nzito, inakushika mabega mpaka unajisahau umesimama. Mimi nimewahi kumwota mke wangu mtarajiwa humo nikiwa wima. Sura sikuiona vizuri. Alikuwa amevaa vizuri lakini.

Na ni humo Bi Hodi alipoliokoa banda zima. Ilikuwa msimu wa mvua iliyokuja vibaya. Alikuwa anapita kati ya marobota akiyagusa kama daktari anayepita wodini, akasimama kwenye moja, akaweka shavu. Akasema, "Huyu ana homa." Wakubwa walicheka. Aliamuru litolewe nje uwanjani lifunguliwe, na lilipokatwa mshono likatoa moshi. Mtu alikuwa amenyoa kondoo wenye maji, sufu ikabanwa mbichi, ikawa inajipika yenyewe polepole katikati ya marobota mengine. Tangu siku hiyo hakuna sufu inayoingia mashineni kabla yeye hajazamisha mkono humo mpaka kiwikoni, macho amefumba. Mikono hiyo, kwa taarifa yenu, kwa sababu ya mafuta ya sufu ni laini kuliko ya mtoto mchanga. Ukishikana naye mkono unatamani kulala.

Masikio yalianza kuondoka taratibu, kama mgeni anayeaga huku bado amekaa. Msimamizi alimuuliza marobota yamefika mangapi, akajibu, "Hajambo, anakusalimia." Tulicheka, naye akacheka. Baadaye aliacha kucheka. Akaanza kubisha hodi zake tatu, kisha bado anazunguka sanduku, anafungua mlango, anachungulia, anafunga, anarudi. Kila robota hivyo. Kazi ikapungua mwendo, sufu ikalundikana, wanyoaji wakaanza maneno. Mmoja alimpigia kelele, "Bi Hodi, siku hizi unasubiri sufu izeeke?" Yeye akampungia mkono akitabasamu, akidhani anasalimiwa.  

Wote tulijua kilichobaki. Alitaka jambo moja tu kabla ya kuondoka, na alilisema wazi: kumkabidhi mtu mashine ambayo haijawahi kumla mtu. Kila siku aliyoongeza ilikuwa siku ya kuhatarisha jambo hilo, naye alilijua kuliko sisi.

Siku yenyewe sufu ilikuwa imelundikana mpaka akaacha kuzunguka kuchungulia, na aliyekuwa ndani ya sanduku ni mimi. Pembe ya gunia ilikuwa imejikunja, nikaingia kuinyoosha, mlango ukajifunga nyuma yangu. Nikasikia kiganja ubavuni, hodi. Nikaitikia karibu. Hodi. Karibu, mama. Hodi. Nikaitikia kwa nguvu zote. Halafu mwanga ukabadilika. Ndivyo ilivyokuwa, mwanga tu, kama wingu linalopita juu ya shuka zilizoanikwa. Weupe wa gunia ukawa wa kijivu, nikatazama juu, bamba linakuja. Nakumbuka niliwaza kwamba ni taratibu sana, kwamba kitu kinachokuja taratibu hivi hakiwezi kuwa kibaya. Kisha mikono yangu, ambayo ina akili kunizidi, ikaanza kuzipiga mbao.

Bamba likasimama juu ya kichwa changu, likapanda.

Alikuwa hajasikia kitu. Ila kwa wiki kadhaa, bila kumwambia mtu, alikuwa ameacha kuyaamini masikio. Mkono mmoja ulishusha bamba, wa pili ulibaki umelalia ubavu wa sanduku, kiganja wazi, na kiganja hicho laini ndicho kilichonisikia. Alifungua mlango akanitazama kuanzia nywele mpaka viatu. Akanishika vidole, kimoja kimoja, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Akasema, "Umeitikia mara ngapi?" Nikamwonyesha vidole vitatu.

Akazima mashine. Akaenda mwenyewe kwa msimamizi, aproni ikiwa bado imejaa sufu. Msimamizi alimbembeleza sana: amalize msimu, apewe meza ya kuchambulia, apewe kiti. Aligoma. "Masikio yangu yamestaafu leo," alisema. "Mimi ninayafuata mwisho wa mwezi. Mashine mpe huyu mwenye mdomo. Mtu anayeongea hivi hawezi kupotea ndani ya sanduku bila watu kujua." Sikuchagua mimi kusifiwa, jamani, nasifiwa tu.

Siku zilizobaki alinifundisha akiwa amekaa juu ya robota nyuma yangu. Hakusema mengi. Nikikosea alinirushia kipande cha sufu kisogoni, na kwa kuwa sufu haina uzito, mara nyingi nililigundua kosa langu jioni, nikijikuna.

Kwa niaba ya wanyoaji, wachambuaji, wapanga ghala na msimamizi, tunakushukuru, mama yetu. Mwambie fundi cherehani sasa una muda wa kukaa naye, na ukifika kwa watu mlango ukiwa kimya, tafadhali rudi. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na injini, mito minene, na wajukuu wenye kukushika mkono badala ya kukupigia kelele. Maisha yako yaliyobaki yawe mema, na yawe mengi.

Hapo ndipo msimamizi aliponiambia nimalizie. Lakini kuna jambo moja lililoharibika kweli, na halijaandikwa mahali popote.

Siku ya kwanza niliyoshika mashine peke yangu nilivaa viziba masikio, kama tunavyovaa sote humu tangu vilipoletwa, kwa sababu ya injini. Nikapiga hodi. Nikagundua kwamba hata nikijibiwa sitasikia. Basi nikatoboa tundu kwenye sanduku, nikapitisha kamba, upande wangu nikafunga kitambaa chekundu. Anayeingia ndani anavuta, kitambaa kinapanda mbele ya pua yangu, na kikiwa juu bamba halishuki. Ilinichukua asubuhi moja, na kabla ya jioni nilikuwa nimejisifu kwa kila mwenye masikio.

Halafu nikaenda kutafuta viziba masikio vya Bi Hodi nimpelekee kumbukumbu. Vilikuwa kabatini, kwenye mfuko wake, havijafunguliwa. Nilikumbuka tulivyokuwa tunasema anaogopa kuharibu kilemba. Hakuwahi kuvivaa hata siku moja, kwa sababu karibu ya mtu aliye ndani ya sufu ni sauti ndogo sana, na angeikosa. Miaka yote hiyo alisimama kando ya injini masikio wazi, akitusikiliza, nasi tumeziba yetu.

Kamba ile niliyoitumia niliikuta imening'inia getini. Imekuwa pale tangu kabla sijaajiriwa. Kitambaa ni kipande cha gunia kilichopakwa rangi nyekundu. Hakuna aliyewahi kukaa asubuhi moja akafikiria njia nyingine, kwa sababu mama alikuwa anasikia.